Kujifunza kuchezesha mpira wa vijana: kutoka kitabu cha sheria hadi ripoti ya mechi

Mechi nyingi za watoto nchini Tanzania, kuanzia bonanza la shule za kata moja hadi hatua za mwanzo za UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya shule za msingi na za sekondari, huchezeshwa na yeyote aliyepatikana siku hiyo: mwalimu wa zamu, mchezaji wa zamani wa mtaani, au kijana aliyekabidhiwa kipyenga dakika chache kabla ya mpira kuanza. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwa nia njema, lakini nia njema haimsaidii mtu pale kocha wa timu iliyofungwa anapoingia uwanjani akidai bao lilikuwa la kuotea. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujifunza kazi hiyo rasmi, na unasisitiza jambo moja ambalo wanaoanza huchelewa kulijua: katika mechi ya watoto, wanaomsumbua mwamuzi zaidi ni watu wazima walio nje ya mstari kuliko wachezaji wenyewe, na kinachomlinda dhidi yao ni kuijua sheria ilivyo leo pamoja na kuandika vizuri kilichotokea.

Mahali pa kuanzia

Njia ya kawaida ni kupitia chama cha waamuzi, FRAT, kinachofanya kazi chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Usipojua viongozi wa chama hicho katika eneo lako, muulize afisa michezo wa halmashauri au nenda kwenye ofisi ya chama cha mpira cha wilaya, kwa sababu hao ndio wanaojua kozi ijayo itafanyika lini, wapi na kwa ada gani. Kozi ya awali huwa na masomo ya darasani, mazoezi ya uwanjani, mtihani wa maandishi na mtihani wa utimamu wa mwili. Anayefaulu huingia daraja la tatu, kisha hupanda hadi la pili na la kwanza kadiri anavyofanya kazi na kufaulu mitihani mingine, na juu ya hapo ndipo ilipo beji ya FIFA, ya waamuzi wa mechi za kimataifa. Kwa kuwa FIFA humtaka mwamuzi wa kati awe ametimiza miaka 25, kijana anayeanza akiwa na miaka 18 ana muda wa kutosha wa kujifunzia mechi za watoto bila kuona kwamba anacheleweshwa.

Wasichana hawana sababu ya kusita. Jonesia Rukyaa wa Tanzania amechezesha hadi mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, na jirani yetu Salima Mukansanga wa Rwanda, aliyesomea uuguzi na ukunga, Januari 2022 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwa upande wa anayetaka kuisomea michezo kwa upana zaidi ya uamuzi peke yake, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba mkoani Mwanza, ni mahali pa kuulizia.

Usisubiri kozi itangazwe ndipo uanze kujifunza. Nenda kwa mwamuzi mwenye daraja anayechezesha mechi za mtaani kwako, muombe akupe kibendera katika mechi ndogo, na umuulize maswali mpira ukiisha. Waamuzi wengi hupenda kuulizwa, ilimradi swali lisiulizwe mbele ya makocha.

Sheria 17 na namna ya kuzisoma

Sheria za mpira wa miguu ni 17, na zinatungwa na bodi ya kimataifa ya IFAB, iliyoundwa mwaka 1886. Toleo jipya huanza kutumika rasmi tarehe 1 Julai kila mwaka, na kitabu hupatikana bure kwenye tovuti ya bodi hiyo. Kipakue katika simu yako na ufute matoleo ya zamani, kwa maana sehemu kubwa ya kelele za pembeni hutoka kwa watu wanaoikumbuka sheria ya siku walizocheza wao.

Mfano ulio wazi ni mpira wa goli kiki. Kipa anampasia beki wake fupi, beki anaupokea ndani ya kumi na nane, na benchi zima linasimama: “Refa, haujatoka!” Kwa miaka mingi walikuwa sahihi, lakini tangu mwaka 2019 mpira huo uko mchezoni mara tu unapopigwa na kuonekana umesogea, na wanaotakiwa kuwa nje ya eneo la penalti ni wapinzani. Ni hivyo hivyo kwa mpira wa kuanzia katikati, ambao tangu mwaka 2016 unaweza kupigwa kuelekea upande wowote, hata nyuma. Kipa naye, tangu toleo la 2025, hapaswi kuushika mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde nane. Mwamuzi huhesabu sekunde tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa, na muda ukipita wapinzani hupewa kona. Mwamuzi anayetamka mambo haya kwa utulivu na bila kubabaika hupata heshima mapema, na anayesitasita hupigiwa kelele hadi jioni.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na Sheria ya 1 na kwenda kwa mfuatano hadi ya 17, kwa kuwa utachoka kwenye vipimo vya uwanja kabla hujafika kwenye mambo yanayotokea kila dakika. Anza na namna mchezo unavyoanzishwa upya, yaani mpira wa kurusha, goli kiki, kona, mpira wa adhabu na mpira wa kudondosha. Jiulize kila mmoja unapigwa wapi, wapinzani wakae umbali gani, na kama bao linaweza kufungwa moja kwa moja. Wapinzani hukaa mita 9.15 kwenye mpira wa adhabu na kona, na mita 2 kwenye mpira wa kurusha; kwenye mpira wa kudondosha wachezaji wote isipokuwa anayeupokea hukaa mita 4. Mpira uliorushwa ukaingia moja kwa moja kwenye goli la wapinzani si bao bali ni goli kiki, na mpira wa adhabu ambao timu imeupiga moja kwa moja ukaingia kwenye goli lake yenyewe ni kona. Maswali ya namna hii hupenda kutokea kwenye mtihani wa maandishi, na hutokea pia kwenye viwanja vya shule, mahali ambapo watoto hufanya mambo ambayo mchezaji mzoefu hawezi kuyafikiria.

Baada ya hapo ingia Sheria ya 12, inayohusu madhambi na utovu wa nidhamu, na ukae nayo kwa muda mrefu kuliko zote. Moyo wa sheria hii ni ngazi tatu. Mchezaji aliyemchezea mwenzake bila uangalifu anaadhibiwa kwa mpira wa adhabu bila kadi. Aliyecheza bila kujali hatari anayomletea mwenzake anaonyeshwa kadi ya njano. Na aliyetumia nguvu kupita kiasi, akahatarisha usalama wa mwenzake, anatolewa kwa kadi nyekundu. Zoezi zuri ni kutazama mechi yoyote, ya televisheni au ya mtaani, na kwa kila faulo kutamka ngazi yake kabla mwamuzi hajaamua. Mwanzoni utaona unachelewa, kisha jicho litazoea kutazama mambo yanayotofautisha ngazi hizo: kasi ya mchezaji, mahali mguu ulipogonga, kama nyayo zilikuwa mbele, na kama mpira ulikuwa umbali wa kufikika.

Kuunawa mpira ndiko kunakozua ubishi mwingi kwenye mechi za watoto, kwa kuwa watazamaji hupiga kelele kila mpira unapogusa mkono. Si kila mguso ni kosa. Mwamuzi hutazama kama mkono uliufuata mpira, au kama mchezaji alitanua mwili wake isivyo kawaida kwa kuuweka mkono mahali pasipoendana na mwendo wake. Zaidi ya hayo, bao lililotokana moja kwa moja na mkono wa mfungaji hukataliwa hata kama hakukusudia.

Kuhusu kuotea, shika mambo ya msingi: hakuna kosa kwa mchezaji aliye katika nusu ya uwanja wake, wala anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki, kona au mpira wa kurusha, aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea, na mikono haihesabiwi. Kisha jifunze kusubiri. Kuwa mahali pa kuotea si kosa mpaka mchezaji ashiriki mchezo, na kibendera kinachoinuliwa haraka huharibu mabao halali mengi kuliko kinachochelewa kidogo.

Kipyenga, mikono na mahali pa kusimama

Nunua kipyenga kisicho na punje ndani. Chenye punje hukwama kwa vumbi na mate, tena mara nyingi wakati wa penalti. Vipyenga vya Fox 40, alivyovibuni mwamuzi wa mpira wa kikapu wa Kanada, Ron Foxcroft, na kuviingiza sokoni mwaka 1987, vilitokana na kero hiyohiyo. Uwe navyo viwili, pamoja na saa mbili, kadi, kalamu, daftari dogo na sarafu ya kurusha.

Mlio nao ni lugha, na hujifunzwa kwa mazoezi. Faulo ya kawaida hutosha mlio mmoja mfupi. Rafu mbaya au penalti huhitaji mlio mrefu na wenye nguvu, ili mtoto aliye upande wa pili wa uwanja ajue kwamba jambo limebadilika. Huhitaji kupuliza kwa kila kitu. Mpira uliotoka wazi na kuwa goli kiki, kona au wa kurusha huonyeshwa kwa mkono tu, na kipyenga kinachopulizwa ovyo hupoteza uzito wake kabla ya mapumziko. Mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, yaani ambao bao halihesabiwi mpaka umguse mchezaji mwingine, huonyeshwa kwa mkono ulionyooshwa juu, nao hubaki juu hadi mpira umguse mchezaji mwingine, utoke nje au ionekane wazi kwamba hauwezi tena kuingia golini moja kwa moja. Wanaoanza hushusha mapema, kisha mpira unaingia golini na hakuna anayejua kama ni bao.

Ukiwa na waamuzi wasaidizi, kimbia kwa mshazari, kutoka kona moja kuelekea ya pili, ili mchezo uwe kati yako na msaidizi aliye upande wa mashambulizi. Usiukaribie mpira kiasi cha kuzuia pasi, wala usibaki mbali kiasi kwamba unaona migongo ya wachezaji tu. Kinachotafutwa ni pembe inayokuonyesha uwazi kati ya wachezaji wawili wanaogombea mpira. Katika mechi nyingi za shule hutapata wasaidizi wenye daraja, bali kila timu itakutolea mtu mmoja wa kushika kibendera. Wape kazi ya kuonyesha mpira uliotoka nje tu, waeleze hivyo mbele ya makocha wote wawili, na suala la kuotea ubaki nalo mwenyewe. Utachoka zaidi, lakini hutabishana na kibendera cha timu pinzani.

Maandalizi ya mwili

Mtihani ambao waamuzi wengi nchini wanaufahamu ni wa Cooper, uliobuniwa na daktari Kenneth Cooper wa Marekani mwaka 1968, ambapo mtu hukimbia kwa dakika 12 na kupimwa umbali aliofika. Mtihani wa FIFA ni tofauti: kwanza ni mbio fupi za mita 40 mara sita, kisha kukimbia mita 75 na kutembea mita 25 kwa kupokezana hadi kutimiza mita 4,000. Kwa waamuzi wa kiume wa kimataifa, mita 75 hukimbiwa kwa sekunde 15 na mita 25 hutembewa kwa sekunde 18.

Huhitaji uwanja wenye njia za kukimbilia ili kujiandaa. Pima mita 100 kwenye uwanja wa shule, weka jiwe kwenye mita 75, na uanze na mizunguko michache kwa kasi ya chini ya hiyo, siku tatu kwa wiki, ukiongeza kidogo kila wiki. Ongeza kukimbia kinyumenyume na kiubavu, kwa kuwa mwamuzi hurudi nyuma mara nyingi akiwa bado ameutazama mpira. Fanya mazoezi alfajiri au jioni, hasa kama unaishi Dar es Salaam au Tanga ambako joto humaliza nguvu haraka, na upime afya kabla ya kuanza ikiwa umekaa muda mrefu bila mazoezi.

Mambo yanayobadilika wachezaji wakiwa watoto

Sheria zenyewe huruhusu mashindano ya vijana yarekebishe ukubwa wa uwanja na magoli, ukubwa na uzito wa mpira, muda wa mchezo ilimradi vipindi viwe sawa, na wachezaji waliotolewa kurudi tena uwanjani. Kwa hiyo kabla ya kila mashindano omba kanuni zake na uzisome. Kujua sheria 17 bila kujua kwamba kipindi ni dakika 30 ni aibu isiyo ya lazima.

Fika uwanjani mapema na ukague kwa miguu yako, si kwa macho ukiwa chini ya mwembe. Okota mawe na vipande vya chupa, tazama mashimo, na uyatikise magoli. Goli la kuhamishika lisiposhikizwa ardhini linaweza kumwangukia mtoto anayening'inia, na kwa hili sikubali maelezo ya kwamba siku zote wanacheza hivyo: goli likiyumba, mechi inasubiri. Ukisikia radi, toa wachezaji uwanjani, wasikae chini ya mti, na subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kwenye joto kali, sheria inaruhusu kusimamisha mchezo ili watoto wanywe maji. Aliyegongwa kichwani asimamishiwe mchezo mara moja, na arudi tu baada ya kuangaliwa na mhudumu wa afya. Si kazi ya kocha anayetaka ushindi kusema kwamba yuko sawa.

Ukaguzi wa mavazi ufanyike hadharani, kocha akiwepo. Kila mchezaji awe na viatu na vikinga ugoko, na asiwe na herini, bangili, pete wala kamba ya ngozi au ya mpira. Kuvifunika kwa plasta hairuhusiwi. Hapa ndipo utakapokutana na hirizi. Usimwaibishe mtoto wala usianzishe mjadala wa imani. Mwambie kocha kwa sauti ya chini kwamba hakuna kinachovaliwa shingoni, mkononi wala mguuni, naye atalimaliza. Hijabu, kinyume chake, inaruhusiwa tangu mwaka 2014, mradi iwe nyeusi au iwe na rangi kuu ya jezi, isishikamane na jezi, na isiwe hatari kwa yeyote.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hilo linagusa mwenendo wako pia. Usiingie chumba cha kubadilishia nguo peke yako, usimshike mchezaji wakati wa kumwonya, na usichukue namba za simu za watoto wala kusambaza picha zao. Kadi hutolewa kama kawaida, kwa sababu kosa halipungui kwa umri wa aliyelitenda, lakini neno la kueleza linaruhusiwa: “Namba sita, umemkanyaga baada ya mpira kuondoka.” Mtoto anayejua alichokosea hakirudii kwa urahisi, naye kocha akisikia maelezo hayo hubaki bila hoja. Katika timu za wadogo sana, usiwe mwepesi wa kuacha mchezo uendelee kwa faida, kwa kuwa aliyekwatuliwa mara nyingi husimama na kukutazama, na wenzake wote husimama pamoja naye.

Kama timu moja inalalamika kwamba nyingine imeleta wachezaji waliozidi umri, usiamue kwa kutazama ndevu. Kagua leseni au fomu za usajili ulizopewa, andika malalamiko hayo, na uwaachie waandaaji.

Watu wa nje ya mstari

Tangu mwaka 2019 maofisa wa benchi la ufundi wanaweza kuonyeshwa kadi ya njano au nyekundu kama wachezaji, na pale mkosaji asipotambulika, kadi humwendea kocha mkuu aliyepo kwenye eneo hilo. Usiitumie kwanza. Sogea wakati mpira umesimama, mwite “kocha” au “mwalimu”, sema jambo moja kwa sentensi moja na uondoke bila kusubiri jibu. Akirudia, mwonye rasmi, akiendelea, kadi.

Wazazi na mashabiki hawana kadi. Ukiona lugha ya matusi kwa mtoto au mawe kurushwa, simamisha mchezo, mwite mratibu wa mashindano au mwalimu aliyepewa dhamana ya uwanja, na mwambie kwamba mchezo hautaanza hadi watu hao waondoke. Una mamlaka ya kuusimamisha kwa muda na hata kuuvunja kabisa, lakini kuuvunja kuwe hatua ya mwisho.

Linda pia jina lako kabla ya mechi. Usipande bodaboda iliyolipwa na timu mwenyeji, usile chakula na timu moja, na posho yako ijulikane mapema na itoke kwa waandaaji. Katika kijiji kidogo hili ni gumu, kwa kuwa kila mtu ni ndugu wa mtu. Kama mwanao au mdogo wako anacheza, mwambie aliyekupangia mechi akupeleke uwanja mwingine.

Ripoti ya mechi

Andika siku hiyohiyo. Ripoti dhaifu husomeka hivi: “Mchezaji wa timu ya kijani alicheza vibaya sana na kumtukana mwamuzi, hivyo afungiwe.” Kamati ya nidhamu haiwezi kufanya lolote na maneno hayo. Iliyo bora ni hii: “Dakika ya 31, wakati mpira ukiwa mchezoni karibu na mstari wa kati, mchezaji namba 6 wa timu ya kijani alimrukia kwa nyayo zote mbili mpinzani namba 11 na kumgonga chini ya goti. Nilikuwa umbali wa mita nane, bila kizuizi. Nilimtoa kwa kadi nyekundu kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Alipokuwa akitoka alitamka maneno yafuatayo.” Kisha maneno hayo huandikwa yalivyotamkwa, hata kama yanachefua, kwa kuwa “alinitukana” ni maoni, na maneno yenyewe ni ushahidi. Usipendekeze adhabu, hiyo ni kazi ya kamati. Taja pia majeruhi, muda mchezo uliosimama na sababu yake, hali ya uwanja, na lalamiko lolote lililowasilishwa kwako.

Toa nakala au piga picha ya ripoti kabla ya kuikabidhi, na uhifadhi daftari lako la mechi mpaka mashindano yaishe, kwani unaweza kuitwa mbele ya kamati wiki kadhaa baadaye kueleza dakika ambayo kila mtu mwingine anaikumbuka kwa namna yake.